Wingu la Saa Tisa

Wanawake wengine waume zao hugombana na majirani. Wangu mimi aligombana na mawingu, miezi minne mizima, na afadhali yangekuwa mawingu ya juu. Yalikuwa ndani ya kompyuta.

Jina langu Ramula. Nauza vitenge soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, na nyumbani ni Bwera, nyuma ya msikiti. Kiswahili changu msikishangae: nilikulia Malaba, mama yangu akiwapikia madereva wa malori ya Mombasa, na mtu akiomba sahani ya pili kwa Kiswahili kibovu, mama alimsahihisha kwanza ndipo akampakulia. Mume wangu ni Muhamood. Miaka kumi na moja aliendesha lori la kaka yake Shafic, akipeleka maharage Kampala na kurudi na sabuni na mabati, mpaka siku breki zilipomkatalia karibu na daraja la Katunguru na lori likalala ubavu. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini mgongo wake ulivunjika mahali pawili, na daktari alitwambia mimi nikiwa nimesimama pale pale kando ya kitanda: "Ukirudi kwenye mtikisiko wa lori, siku moja hutasimama tena." Maneno hayo sijayasahau. Shafic yeye hakuwepo siku ile, na kusimuliwa si kusikia.

Mlango wa pili kutoka kwetu kuna Nzanzu, Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye chumba cha kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Alimwonea huruma Muhamood kumwona amelala tu anahesabu mbao za dari. Akampa kiti na mto wa kuegemea, akamwambia, "Papa Hidayah, kuja utaape barua za watu." Kutaape kwao ni kuchapa, na Hidayah ni binti yetu. Basi mtu aliyezoea tani kumi akawa anasukuma kipanya.

Asubuhi alichapa barua za maombi ya kazi, matangazo ya harusi, na majina ya wanafunzi. Mchana wateja wakipungua, alifungua programu moja aliyoikuta kwenye kompyuta ya Nzanzu, programu ya kutengeneza mandhari. Unaipa milima, unaipa mto, unaipa jua, nayo inakaa inahesabu mwanga chembe kwa chembe mpaka itoke picha kama ya kamera. Kule kuhesabu wanaita kurenda. Alijifunza mwenyewe, kwa video za Kiingereza ambazo nusu hakuzielewa. Siku aliponionyesha mto Lhubiriha aliouchora, na maji yanameta, nilijivunia. Sikujua kinachokuja.

Mwezi wa saba mwaka 2014 akaja Byaruhanga, katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa cha Kyondo, kule vilimani. Alitaka picha kubwa ya kalenda ya mwaka unaofuata: vilima vya Kyondo, nyumba, kahawa imeanikwa kwenye vichanja, na nyuma kabisa mlima wenye theluji. Mpiga picha walikuwa wameshampandisha mara tatu. Kila akifika, mlima umejifunika. Siku mlima ulipojifunua, kahawa ilikuwa bado mbichi mtini. "Kwa hiyo tunataka mtu wa kuitengeneza," akasema. "Ikipendeza, kazi zote za kikundi ni zako, magunia, kibao cha stoo, vyeti vya wakulima, mwaka mzima."

Muhamood akamtengenezea sampuli kwa wiki mbili. Byaruhanga akaiangalia, akaitikia kwa kichwa, akasogea karibu na kioo, kichwa kikaacha kuitikia. "Kilima ni chenyewe. Hata bati la stoo ni lenyewe. Lakini mawingu haya si ya kwetu. Ni pamba. Mama Loyi akiona hii atacheka mpaka aanguke." Mama Loyi ndiye mwenyekiti wao. "Tengeneza mawingu ya kweli. Mtu akiangalia, aseme hapa ni Kyondo. Kikao kitaamua mwezi wa kumi na moja."

Shafic alipopata habari alikuja jioni ile ile. Hakuja kwa ubaya, niseme ukweli. Tulikuwa tumekula unga wake miezi minane. Akaweka ufunguo wa lori juu ya meza, katikati ya vikombe. "Dereva wangu anaondoka mwezi wa kumi na moja. Wazee wa Kyondo wakiikubali picha yako, kaa na picha yako, sitasema neno. Wakiikataa, Jumatatu yake uko nyuma ya usukani. Mgongo umepona. Mbona unakaa kwenye kiti kutwa?"

"Shemeji, daktari alisema..." nikaanza.

"Daktari haendeshi lori, shemeji."

Muhamood akasema sawa. Ufunguo ukabaki pale mezani, na kila asubuhi nikipanguza meza naunyanyua na kuurudisha. Kwa hiyo mjue: kila nilipomwomba Mungu mawingu yale yatoke vizuri, sikuwa naomba mawingu. Nilikuwa naomba mgongo wa mume wangu.

Na mawingu yalikataa! Ala! Mimi nilidhani wingu ni kitu chepesi. Mlima unakubali, nyumba inakubali, hata majani ya mgomba yanakubali kupasuka-pasuka kama yalivyo, lakini wingu halina ngozi. Muhamood alinieleza: kitu kingine chochote, mwanga unakigonga na kurudi. Wingu mwanga unaingia, unazurura humo ndani, unatoka kwingine. Ukiiambia kompyuta iufuate mwanga mara mbili tu, wingu linatoka jeusi kama moshi wa tairi. Ukiiambia iufuate mara nyingi, kompyuta inaanza kunguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na inataka siku nzima na nusu kutoa picha moja. Na ukipunguza ili iende haraka, wingu linajaa vidoadoa kama uso wa mtoto mwenye surua.

Alifanya lililofanana na povu la sabuni. Akafanya lililofanana na koliflawa. Lile la tatu Nzanzu aliliangalia muda mrefu, mikono nyuma, halafu akasema, "Papa Hidayah, ii wingu iko muzuri sana. Lakini haina uzito. Wingu ya mvua iko na tumbo. Ii yako iko na njaa." Muhamood akalifuta. Kesho yake akaanza upya, na kesho kutwa umeme ukakatika kazi ikiwa imebaki kidogo, na programu ile ikikatika haikumbuki kitu, inaanza moja. Umeme ukirudi, anaanza moja. Ukikatika, anakaa anaangalia kioo cheusi, anajiona mwenyewe humo. Nilikuwa nampelekea chai anainywa ikiwa baridi, wala hajui kama ina sukari.

Na sasa niseme kosa langu, maana nisiposema mimi atasema yeye. Mwezi wa tisa, siku ya Jumatano, umeme wa nyumbani ulikuwa umekwisha na Hidayah anataka sare. Nikachukua pasi, nikaenda chumbani kwa Nzanzu, nikaichomeka kwenye waya ule ule wa kompyuta. Nikasikia pah! Na kimya. Saa ishirini na sita za kurenda zilikuwa zimepita, zilibaki tatu.

Muhamood aliweka kichwa juu ya kibodi. Kisha akakiinua. "Mama Hidayah. Saa ishirini na sita! Saa ishirini na sita, na wewe unanyoosha kola!"

"Na mtoto aende shule na kola imekunjamana kwa ajili ya wingu?" Mimi nikiwa na kosa ndipo sauti yangu inapanda, ndivyo nilivyoumbwa. "Kola tunaiona! Hilo wingu lako nani ameliona?"

Tuligombana mpaka Nzanzu akatoka na kutufungia mlango, yeye akabaki nje ya chumba chake mwenyewe, anawaambia wateja wasubiri. Nilimwambia Muhamood maneno ambayo hayafai. Nilimwambia afadhali lori. Nikayasikia masikioni mwangu mwenyewe, afadhali lori, na roho ikaniuma. Sikuomba msamaha siku ile. Niliomba siku ya pili, na pasi nikaifungia sandukuni.

Baada ya hapo akabadilisha njia. Akasema kosa lake ni kujifunza wingu kwenye video za Wazungu, na mawingu ya Wazungu hayapandi mlima huu. Akachukua daftari la hesabu la Hidayah lililobaki kurasa, akawa anakaa kizingitini. Asubuhi hana nafasi, barua za watu zinamngoja, na madirisha ya Nzanzu yanatazama ukuta. Kwa hiyo kila siku, saa nane akishakula, anatoka na mto wake na daftari, anaukabili mlima, anachora mpaka saa kumi. Miezi miwili. Akaandika upande: tumbo la wingu ni bapa, kama limekatwa kwa kisu, na yote yamekatwa kimo kimoja. Kichwa kinavimba, tumbo halivimbi. La mbali ni la buluu kidogo. Chini lina rangi ya sufuria. Alikuwa ananisomea haya mambo nikichambua mchele, na mimi naitikia eh, eh, nikiufikiria ufunguo.

Watu walianza kusema. Adhana ya alasiri inaita, yeye bado amekodoa macho juu, anaingia msikitini rakaa ya pili. Imamu akamwuliza kwa upole kama ameona mwezi. Wanawake sokoni wakaniuliza kama ajali ilifika na kichwani. Nikawaambia imefika, na ulimi wangu pia umeumia, waangalie nisije nikawatukana. Shafic akipita na lori anapiga honi na kunyooshea kidole mbinguni, anacheka. Muhamood anainua mkono, anaendelea kuchora.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja akaanza kurenda picha ya mwisho. Ilihitaji siku tatu. Nzanzu alitia nia ya misa kwa ajili ya umeme, nami nikasoma dua kila swala. Tulisema Mungu ni mmoja, tumepanga tu foleni mbili. Umeme haukukatika.

Siku ya tatu nilirudi kutoka sokoni mchana na furushi kichwani, nimepita uani kwa Nzanzu maana ndiyo njia ya mkato. Mlango ulikuwa wazi. Nikatupa jicho ndani, na mwili ukafanya kazi kabla ya akili. Nikatua furushi chini, nikakimbia kwenye kamba yetu ya nguo, nikaanza kuanua, mashuka, sare, kila kitu, naziweka begani, kibanio kimoja mdomoni, nampigia Hidayah kelele aingize unga.

Hidayah akatoka, akaangalia juu, akaniangalia mimi. "Mama, mvua iko wapi?"

Nikaangalia juu. Jua kali. Mbingu nyeupe kwa joto, hata kipande cha wingu hakuna. Nilikuwa nimesimama na mashuka mabichi mabegani yananidondokea. Wingu nililoliona lilikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

Muhamood alikuwa amesimama mlangoni ameniona yote. Miezi ile minne sikuwa nimemwona akicheka kwa meno. Siku ile alicheka mpaka akaushika mgongo. Nzanzu alipiga magoti kwenye vumbi. "Mama Hidayah ameanua nguo! Sasa ndiyo wingu! Iko na tumbo!" Nami nikacheka, nikalia kidogo, nikaenda kuitazama vizuri. Jamani, lilikuwa wingu. Lilikuwa limeukalia mlima nusu, kichwa kinang'aa, tumbo bapa la rangi ya sufuria, na kivuli chake kimetambaa juu ya mashamba mpaka karibu na vichanja vya kahawa. Unasikia hata ule ubaridi unaotangulia. Nilisema, "Sasa wakatae tuone." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Tukaipeleka Kasese ikachapwa kwenye bango la plastiki zito, kubwa kama shuka la kitanda, lenye matundu ya chuma pembeni ya kupitishia kamba. Jumamosi tukapanda Kyondo kwa pikapu, Muhamood akiwa amekalia mito miwili, na kila shimo la barabara nikiliona usoni mwake. Saa mbili tu za pikapu! Nikawaza, je, siku mbili za lori?

Kikao kilikuwa ndani ya stoo yao. Watu kama arobaini, harufu ya kahawa kavu, chai inachemka nje. Byaruhanga akalitundika bango ukutani. Watu wakasogea karibu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mtu mmoja akataja jina la kilima, mwingine akaonyesha nyumba yake. Halafu Mama Loyi akainuka. Mama mnene mfupi, viatu vya mpira, kitenge ambacho naweza kuwaambia kilitoka meza ya nani sokoni. Akasogea hadi kwenye bango, akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia juu tena.

"Hii kahawa ni ya nani?" akauliza.

"Ya kikundi, mama," akajibu Muhamood.

"Na watu wenyewe wako wapi?"

"Watu gani, mama?"

"Wenye kahawa! Mvua ndiyo hii imefika, kahawa iko nje. Wamekufa? Wamelewa?"

Stoo nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja akasimama akawa anaigiza kukimbilia vichanja na koti lake. Mama mwingine akasema huyo mwenye nyumba ya bati anamjua, kweli ni mvivu. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Muhamood alicheka nao kidogo, kisha akaacha.

Byaruhanga hakucheka. "Hii kalenda itaenda kwa wanunuzi," akasema. "Kahawa ikinyeshewa kwenye kichanja inaota ukungu, na mnunuzi hasamehe ukungu. Hii picha itakaa kwenye ukuta wake mwaka mzima ikimwambia watu wa Kyondo wanaacha kahawa inyeshewe. Hapana. Hatuwezi."

Mbele ya macho yangu niliuona ufunguo juu ya meza, na vikombe. Dalili ya mvua ni mawingu: methali hiyo mtoto wa chekechea anaijua, na sisi watu wazima watatu hatukuikumbuka! Mimi mwenyewe nilianua nguo! Nilikimbia na mashuka, na badala ya kusema hili wingu linaleta mvua, tukapiga vigelegele. Muhamood alikuwa amechora saa nane mpaka saa kumi, kila siku, miezi miwili. Saa zile mlima huu unatoa wingu la aina moja tu, la mvua. Mtu wa barabarani, akiona wingu anafunga turubai anaendelea na safari, hajawahi kuanika hata kikapu kimoja cha kahawa. Na mimi je, niliyezaliwa kando ya sufuria za madereva?

"Naweza kuondoa kahawa," Muhamood akasema.

"Kahawa ndiyo sisi," akajibu Mama Loyi.

"Basi niweke watu wanaifunika."

"Kalenda ya watu wanaokimbia mvua, mwanangu?" Wakacheka tena.

"Nipeni wiki mbili. Kuna wingu la asubuhi, dogo, halina madhara. Nitalijifunza. Nitaamka mapema."

Byaruhanga akatikisa kichwa. Mchapaji anangoja Jumatatu. "Bwana Muhamood, mbona unajitesa? Toa wingu tu. Acha juu pawe safi. Jua linawaka, kahawa inakauka. Hiyo ndiyo tunataka."

Julai alisema mawingu ya kweli. Sasa juu pawe safi. Nilifungua mdomo, na Muhamood akaniangalia, nikaufunga. Sijawahi kuufunga mdomo kwa shida namna ile.

Akatoa kompyuta ya mapajani aliyoazimwa na Nzanzu, akaifungua juu ya gunia. Wingu lilikuwa pale. Akaliangalia. Akabonyeza kidole kimoja, mara moja, na wingu likaondoka. Miezi minne, saa ishirini na sita, kola ya Hidayah, rakaa za alasiri, kidole kimoja. Akaiambia kompyuta irende, na kwa vile mbingu tupu haina kazi, ilimaliza kabla chai haijagawiwa. Ikatoka buluu, buluu tupu, kama ndoo ya plastiki.

"Sasa!" wakasema. "Sasa ndiyo Kyondo!" Wakainua mikono, wote arobaini. Kazi ikawa yake, mwaka mzima. Mama Loyi akamshika mkono, akamwombea kwa Kikonzo kirefu, lugha yao ya vilimani, na Muhamood akashukuru kwa adabu zote. Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa na furaha, wallahi nilikuwa nayo, na nilikuwa na hasira ya kuuma meza.

Tukaanza kulikunja bango. Mama Loyi akalishika upande mmoja, akalivuta, akalikwaruza kwa ukucha. "Hii plastiki iko nguvu. Na ina matundu ya kamba. Mnaipeleka wapi?"

Muhamood akaachia upande wake. "Kaa nayo, mama."

Shafic alikuwa kizingitini kwetu tuliporudi. Nilimwambia kabla hajauliza, "Wamekubali." Akainuka, akampa ndugu yake mkono, akaingia ndani na kuuchukua ufunguo pale mezani, akautia mfukoni. Ahadi ni ahadi, hilo nampa. Halafu akaomba kuiona hiyo picha. Muhamood akaifungua. Shafic akaikodolea macho.

"Miezi minne," akasema. "Na huku juu mbona hamna kitu?"

"Hiyo mbingu tupu unayoiona," nikamwambia, "ndiyo iliyomchukua miezi minne." Akadhani namtania, akacheka. Sikumweleza. Kuna mambo ukiyaeleza unayaharibu.

Wiki tatu Muhamood hakuitaja habari ya wingu. Alifanya magunia, akafanya kibao cha stoo. Alikula, aliswali kwa wakati, alilala. Mimi nilikuwa napata usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Katunguru, na wakati huo huo namwibia jicho, maana mtu aliyenyamaza hivyo unamwogopa.

Mwezi wa kumi na mbili kalenda zikatoka, tukapanda nazo Kyondo, na mito yetu. Tulifika saa nane na nusu. Kahawa ilikuwa imeanikwa uwanja mzima. Tukiwa tunanywa chai, ubaridi ukapita miguuni, na Mama Loyi akapiga ukelele mmoja. Wanawake wakatoka kila mlango. Turubai, magunia, mikeka, kila kitu kikarushwa juu ya vichanja. Na kwenye kichanja kirefu kuliko vyote, wanawake wanne wakalitandaza bango letu, wakalifunga kamba kwenye matundu yake. Wingu lilikuwa limeangalia juu.

Matone ya kwanza yakaanza kuligonga. Chini yake kahawa kavu, salama. Nikamtazama Muhamood, nikiogopa. Alikuwa ametoka nje ya bati, amesimama mvuani, anatazama wingu la mlimani, kisha anainama analitazama la kwenye kichanja, kisha anarudi juu.

"Baba Hidayah! Ingia ndani, utalowa!"

"Mama Hidayah, njoo uone."

Nikaenda, nimejifunika gunia la kahawa kichwani. Akanishika bega, akanionyesha juu, akanionyesha chini. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama siku ya pasi.

"Ona tumbo," akasema. "La kwangu ni jeupe mno. Nilikosea. Miezi minne, na nilikosea tumbo."

Nilitaka kumpiga. Nikamshika mkono tu, tukasimama pale tukilowa, yeye wima kwa miguu yake miwili, akinieleza atakavyolirekebisha.